Kikopo cha Vitamini C cha Mama Mkubwa



Najua kuna watakaoniuliza: "Wewe ulisoma agronomia, matumbo ya watu yanakuhusu nini?" Swali ni la haki, nalijibu mwanzoni. Mimi si muganga. Niko na licence ya agronomia, na kitu kimoja ambacho masomo yale yaliniachia ni kuuliza maswali mawili mbele ya kila mfuko wa mbolea: hii inaenda kulisha nini, na ile isiyoliwa inaenda wapi? Leo nayauliza maswali hayo mbele ya kikopo cha vitamini C.

Kikopo chenyewe nilikikuta kwa mama mkubwa, Kadutu, siku ya Mungu kisha misa. Tulikuwa mezani, bugali, sombe na sambaza, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kabati. Kikopo chembamba cha rangi ya machungwa, vidonge ishirini vya kutia mu maji vikachemka, miligramu 1000 kila kimoja. Chini yake karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Agronome, kula," akaniambia. "Usiangalie ile kintu sawa vile polisi."

Nikamuuliza ni ya nini.

"Njo inanisafisha tumbo. Kila asubui nakunywa moja, mangaribi ingine. Naenda ku choo mara tatu, mara ine. Mafuta yote inatoka. Walinieleza."

"Na vinini vya tension, Mama mukubwa?"

Akanyamaza kidogo. "Vile nimeacha kwanza. Feza haitoshe kwa vyote viwili. Na tena, mwanangu, vile vya tension vinanionesha nini? Namezaka, sioni kitu. Hii naona mwenyewe kazi yake."

Sentensi hiyo ya mwisho njo imenifanya niandike. Mama mkubwa ana kilo 105, na miaka minne sasa anajulikana kuwa na tension. Muganga alimpa vidonge vya kila siku, vya bei ndogo. Ameviacha kwa ajili ya kikopo cha dola 6 ambacho kwa vidonge viwili kwa siku kinaisha siku ya kumi. Hiyo ni dola 18 kwa mwezi, kwa mama anayeuzisha vitenge na kulipia watoto wawili masomo.

Nikaomba ile karatasi nikaenda nayo nyumbani. Nimeisoma kama walimu walivyosoma mémoire zetu, dai kwa dai, bila hasira. Imeandikwa kwa Kifaransa kizuri, na iko na madai matatu yanayofuatana. Moja: watu wanene wanakosa vitamini C. Mbili: tumbo la mtu mnene linavuja, sumu inaingia mu damu, na vitamini C inaziba matundu. Tatu: kwa hiyo unywe gramu mbili kwa siku, tumbo litasafika na kilo zitashuka.

Kilichonishangaza ni kwamba karatasi haisemi uongo mwanzoni. Inaanza na kweli, inapita kwenye nusu-kweli, kisha inaruka mtaro. Mtu akikudanganya tangu neno la kwanza, unamtambua. Huyu wa pili ni mgumu zaidi, na njo maana nataka tumfuate hatua kwa hatua.

Dai la kwanza: mtu mnene anakosa vitamini C

Hapa naipa karatasi point zake. Ni kweli kwamba watu wenye uzito mkubwa, kwa wastani, wanaonekana na vitamini C ndogo mu damu kuliko wenye uzito wa kawaida, hata wakila kiasi kilekile. Sababu moja ni nyepesi: mwili mkubwa ni ndoo kubwa, maji yaleyale yanaonekana kidogo ndani yake. Sababu ya pili ni kwamba mafuta mengi mwilini yanaleta moto wa chini kwa chini ambao waganga wanauita inflamesheni, na moto ule unatumia vitamini C haraka.

Sasa swali la agronome: inapunguka kwa kiasi gani? Mwaka 2022 Anitra Carr wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, na wenzake walitoa makadirio: kwa kila kilo 10 zinazoongezeka, mtu ahitaji kama miligramu 10 zaidi kwa siku. Tumpigie hesabu mama mkubwa. Tuseme uzito wake ungekuwa kilo 75. Amezidisha 30, basi anahitaji kama miligramu 30 juu ya kiasi cha kawaida. Na kiasi cha kawaida ni kipi? Marekani wanaweka miligramu 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanaume. Jumla yake haifiki hata 110.

Pera la kawaida la Bukavu, lile la watoto kuangusha kwa jiwe, nyama yake gramu 100 inatoa zaidi ya miligramu 200. Papai gramu 100 inatoa kama 60, chungwa kama 50. Maana yake upungufu ambao karatasi inautangaza kwa herufi kubwa unamalizwa na pera moja, na mabaki yanabaki. Karatasi ilisema kweli juu ya shimo, lakini haikupima kina chake. Mtu asiyepima shimo atakuuzia lori nzima la udongo kwa kujaza alama ya mguu wa mbuzi.

Dai la pili: tumbo linavuja

Hapa kuna sayansi ya kweli, na ni nzuri kuijua. Mu utumbo wetu mnaishi bakteria wengi kupita hesabu. Wengine wao wana kwenye ganda lao kitu ambacho kikiingia mu damu mwili unakiona kama adui. Mwaka 2007 Patrice Cani, Mubeleji, na wenzake walilisha panya chakula cha mafuta mengi kwa majuma manne. Kile kitu cha bakteria kikaongezeka mu damu ya panya mara mbili hadi tatu. Tena walipowatilia panya wengine kitu hicho moja kwa moja bila chakula cha mafuta, wakaanza kunenepa na sukari yao kuharibika. Toka pale watu wengi wanafikiri kwamba ukuta wa utumbo ni sehemu ya habari ya unene.

Vitamini C inaingia wapi? Mwaka 2019 Maret Traber, Garry Buettner na Richard Bruno waliandika wazo lao: pengine sumu ile ya bakteria inapovuja, askari wa damu wanapigana nayo na kuteketeza vitamini C, na njo sababu moja ya kuipata kidogo kwa watu wenye unene, sukari na tension kwa pamoja. Ni wazo la watu wanaojua kazi yao. Lakini soma vizuri mshale unaelekea wapi. Tumbo linavuja, moto unawaka, vitamini C inapunguka. Vitamini C ni kuni zilizoungua. Karatasi ya mama mkubwa imechukua mshale uleule na kuugeuza kama kwamba vitamini C ikipunguka, njo tumbo linavuja. Kisha inakuuzia kuni na kukuambia zitazima moto.

Sisemi haiwezekani mshale kwenda pande zote mbili. Waandishi wenyewe walifikiri kwamba kurudisha vitamini C kunaweza kusaidia. Lakini wazo lililoandikwa kusudi lipimwe si matokeo ya kipimo. Kuna pia majaribio madogo kwa watu wenye afya, walipewa vitamini C nyingi na bakteria wao wakabadilika kidogo. Sawa, wamebadilika. Mimi nikimwaga chumvi ndani ya shamba, wadudu wa udongo watabadilika pia. Kubadilika si kupona. Karatasi inapaswa kutuonyesha watu wanene waliokunywa gramu mbili, na wengine waliokunywa maji yenye rangi tu, na baada ya miezi ukuta wa tumbo wa wale wa kwanza umepona na kilo zimeshuka. Haionyeshi hata mmoja. Imepanga picha za tumbo zenye rangi nzuri mahali ambapo matokeo yangekaa.

Dai la tatu: gramu mbili kila siku

Hapa njo karatasi inaanguka kabisa.

Vitamini C haipiti ukuta wa utumbo kama maji mu mchanga. Inapita kwa milango yake, na milango ile ina hesabu. Mwaka 1996 Mark Levine na wenzake, Marekani, waliwaweka vijana saba wenye afya hospitalini kwa miezi kadhaa, wakiwapa kipimo baada ya kipimo na kupima damu na mkojo. Kipimo cha miligramu 200 kiliingia chote. Kile cha 1250 kiliingia karibu nusu tu. Na juu ya hapo, ile iliyoingia mwili uliitoa kwa figo. Seli za damu zilikuwa zimeshajaa kwa kama miligramu 100 kwa siku.

Kwa hiyo kidonge cha 1000 kinapofika, sehemu kubwa inabaki nje ya mlango. Inaenda wapi? Inashuka chini, mu utumbo mkubwa, na pale inavuta maji, kama chumvi inavyovuta maji kwenye samaki. Maji yakijaa mu utumbo mtu anaharisha. Wataalamu waliweka mpaka wa miligramu 2000 kwa siku kwa mtu mzima kwa sababu ya kuharisha huko. Mama mkubwa anakunywa 2000 kamili. Anasimama mguu mmoja ndani ya mpaka, na kile anachokiita kusafika, kwenye kitabu kimeandikwa kama dalili ya kuzidisha.

Mafuta hayatoki kwa njia ile. Kinachotoka ni maji, chumvi za mwili, na dola zake 18. Ukipima kilo siku hiyo utaona imeshuka moja. Kunywa maji, imerudi.

Ile iliyoingia na kutolewa na figo nayo ina bei yake. Sehemu ya vitamini C inageuka oksaleti, na oksaleti inaweza kukaa kama mawe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliofuata wanaume wa Uswidi kwa miaka mingi ulikuta waliotumia vidonge vya vitamini C walipata mawe ya figo karibu mara mbili kuliko wasiotumia. Hatari ya mtu mmoja bado ni ndogo, nisiwatishe bure. Lakini ni hatari ya kununua kwa pesa yako mwenyewe.

Kisha nikageuza kikopo, nikasoma herufi ndogo za nyuma, zile ambazo zinahitaji miwani. Kile kinachofanya kidonge kichemke mu maji ni bikaboneti ya sodiamu. Kidonge kimoja cha namna hiyo kinaweza kuwa na miligramu 200 hadi 300 za sodiamu. Sodiamu njo ile inayopatikana mu chumvi ya kupikia, ile ambayo muganga alimkataza mama mkubwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite miligramu 2000 kwa siku, toka vyakula vyote. Yeye anaweza kupata 500 ndani ya gilasi mbili za maji ya machungwa, kabla hajagusa sambaza. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza waliangalia wagonjwa zaidi ya milioni 1.2 na kukuta kwamba waliotumia dawa za kuchemka zenye sodiamu walionekana zaidi na tension, na zaidi na ajali za moyo na ubongo, kuliko waliotumia dawa zilezile bila sodiamu.

Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Mama ameacha vidonge vinavyoshusha tension, na mahali pake ameweka vidonge vinavyoweza kuipandisha. Na hakuna aliyemdanganya kwa nia mbaya.

Gramu zilitoka wapi

Kuna watakaosema: "Lakini mtu mkubwa sana alisema tunywe vitamini C nyingi." Ni kweli. Linus Pauling, Mmarekani, alipata Nobel ya kemia mwaka 1954 na Nobel ya amani mwaka 1962. Mwaka 1970 aliandika kitabu juu ya vitamini C na mafua, na toka siku ile dunia ilianza kunywa kwa gramu. Nini kilionekana baadaye? Mwaka 2013 Harri Hemilä na Elizabeth Chalker walikusanya majaribio ya miaka mingi. Kwa watu wa kawaida, kunywa vitamini C kila siku hakuzuii mafua. Kunafupisha ugonjwa kwa kama asilimia 8 kwa watu wazima. Mafua ya siku kumi yanaisha siku ya tisa na kidogo.

Simtaji Pauling kwa kumcheka. Namtaja kwa sababu sisi pia tunabeba majina mbele ya majina. "Ingénieur", "Docteur", "Licencié". Heshima yake aliipata kwenye kemia, na watu wakaifuata mpaka kwenye mafua. Karatasi ya mama mkubwa imefanya vilevile: imeandikwa "bidhaa iliyoelezwa na wataalamu wa chuo". Nilipomuuliza mama aliuziwa na nani, akanitajia kijana wa mtaa wake. Namjua. Ni mhitimu kama sisi, amekaa miaka mitatu bila kazi, na kwa kila kikopo anabakiwa na dola moja na nusu. Mwaka jana mimi mwenyewe niliitwa kwenye mkutano wa namna ile. Viti vya plastiki, soda, na mtu mwenye tai akituambia kwamba diplôme zetu zitatulisha hatimaye. Nilitoka kwa sababu sikuwa na dola hamsini za kuanzia, si kwa sababu ya dhamiri. Kwa hiyo yule kijana simhukumu. Ninachomwomba ni asome nyuma ya kikopo.

Shamba la Walungu

Sasa nirudi kwenye udongo, kwa sababu pale njo nilipoelewa ukosefu wa karatasi hii.

Kazi yangu ya mwisho wa masomo niliifanya Walungu, kwenye mashamba ya maharagi. Wanaojua pale wanajua udongo wake: mwekundu, mkali kwa asidi, umechoka. Mkulima mmoja alikuwa amenunua DAP kwa deni. Majani yakawa mazuri kwa majuma mawili, kila mtu aliyepita barabarani akasifu. Kisha yakasimama. Jirani yake hakuwa na DAP. Alikuwa na mbuzi wanne, samadi, na majani yaliyooza, anayatia msimu kwa msimu bila mtu kumsifu. Wakati wa mavuno ni yeye aliyejaza gunia.

Mu auditoire tulifundishwa kanuni inayojulikana kwa jina la Liebig: mmea unasimamishwa na kile kinachokosekana kuliko vyote, na ukiongeza kingine chochote unapoteza bure. Ukiwa na kiseyeye, vitamini C njo inayokosekana, na kuipata kunaokoa maisha. James Lind alilionyesha hilo melini mwaka 1747, aliposhika mabaharia kumi na wawili wagonjwa na kuwapa wawili wao machungwa na ndimu. Lakini tumbo la mtu mnene anayekula mkate mweupe, soda na mafuta halikosi vitamini C kwanza. Linakosa chakula cha bakteria wenyewe, yaani nyuzinyuzi, ile sehemu ya maharagi, majani na matunda ambayo sisi hatuwezi kuisaga na inashuka mpaka chini ikiwa nzima.

Bakteria wakiipata wanaichachua na kutoa asidi fupi, mmoja wao butireti, ambayo ni chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mkubwa. Wakiikosa wanatafuta kingine. Utafiti wa mwaka 2016 kwa panya ulionyesha kwamba bakteria waliokosa nyuzinyuzi walianza kula ute unaofunika ukuta wa utumbo. Mtu yeyote aliyefuga mbuzi anajua habari hiyo: ukiwanyima majani, watakula ua wa nyumba.

Na kwa watu? Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake walifanya kitu ambacho napenda kukisimulia. Walichukua Wamarekani weusi ishirini na watu wa vijijini Afrika Kusini ishirini, wakabadilishana vyakula kwa majuma mawili tu. Wamarekani walitoka gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku wakapanda mpaka 55, na mafuta yakapunguzwa. Butireti yao ikaongezeka kama mara mbili na nusu, na dalili za moto kwenye ukuta wa utumbo zikashuka. Wale wa Afrika Kusini waliopewa chakula cha Kimarekani wakaenda upande wa pili. Majuma mawili, bila kikopo. Tena nusu ya jaribio hili ilikuwa kuwapa watu chakula ambacho bibi zetu walikula bila kukihesabu.

Mbolea ya dukani inalisha mmea, samadi inalisha udongo. Vidonge vinataka kulisha mtu kwa kupita juu ya udongo wake.

Mtu atanipinga, na ana haki

Kuna mambo mawili ambayo mtu wa Kadutu atanijibu, na siwezi kuyakwepa.

La kwanza: "Tunakulaka sombe kila siku, vitamini iko pale." Sombe mbichi ina vitamini C nyingi sana, kweli. Lakini tunaitwanga na kuichemsha saa nyingi, na vitamini C inakufa kwa moto na kupotea mu maji. Tafadhali mtu asiende kula sombe isiyoiva kwa sababu yangu. Moto ule unaondoa sianidi, usipunguze. Sombe inabaki na nyuzinyuzi zake, hiyo ndiyo kazi yake. Vitamini C itafutwe kwenye kitu kisichopikwa: pera, papai, chungwa, ndimu iliyokamuliwa juu ya maharagi mu sahani, na hapo inasaidia pia mwili kuchukua chuma ya maharagi. Lengalenga ipikwe kwa muda mfupi, si mpaka igeuke kahawia.

La pili ni zito zaidi. Kula vizuri ni kazi, na mama anayekaa sokoni toka saa kumi na mbili hana nguvu ya kazi ingine. Maharagi yanakula makala. Beignets na soda vinakuja mpaka kwenye meza yake, moto tayari. Tena kwetu mwili mkubwa ulikuwa sifa: mume anamtunza, biashara inaenda. Kidonge kinapendwa kwa sababu hakiombi muda. Kwa hiyo nikisema "acha kikopo, kula maharagi", nimesema neno jepesi kwa mtu mwenye mzigo. Lakini tupige hesabu: dola 18 zinanunua makala na maharagi ya kutosha, na mapera ya mwezi, na vidonge vya tension, na chenji inabaki.

Niliporudi kwake Alhamisi, sikuenda na hotuba. Nilimwomba kikopo, nikamsomea nyuma kwa sauti: bikaboneti ya sodiamu. Nikamwambia ni ndugu ya chumvi. Kisha nikamweleza ile isiyopita mlango, na ile inayopita na kutoka kwa mkojo.

Akaniangalia sana. "Kumbe feza yangu naikojoaka?"

"Nusu, Mama mukubwa. Nusu ingine inapita ule mlango mwingine."

Alicheka mpaka akafuta machozi, na mimi nikashukuru Mungu, juu angeweza kukasirika. Ijumaa tulienda pamoja kwenye kituo cha afya. Tension ilikuwa 18 juu ya 11. Muganga hakupiga kelele, aliandika upya vidonge vilevile vya zamani na kumwambia arudi kisha majuma mawili. Kilo bado ni 105. Kikopo hakiko tena kwenye kabati, lakini sikumuuliza kimeenda wapi, na naogopa alimpa jirani.

Bado analalamika kwamba vidonge vya tension havimuonyeshi kitu. Nilimjibu kwamba njo kazi yao, kitu kisitokee. Sijui kama amekubali.

Wenzangu wa medisini na farmasi mlio mu chama hiki, mahali nimekosea nisahihisheni, nitapokea. Na ninyi wengine, leo mangaribi mkifika nyumbani, geuzeni kikopo kilicho kwenye kabati ya mama yenu na kusoma nyuma.